Tiketi ya Indiana, sekretaria ya Kamalondo

Duka lenyewe halina jina. Juu ya mlango kuna kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi ya mafuta: "Fotokopi, Skani, Intaneti, Formileri". Chini yake mtu ameongeza kwa mkono wake, herufi zikipanda kama zinaenda mlimani: "Amerika pia". Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonisimamisha. Liko Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, upande wa uwanja wa TP Mazembe, katikati ya fundi cherehani na mama anayeuza makaa. Ukiuliza "kwa Mama Amerika" utaonyeshwa kwa kidole, ingawa mwenyewe hilo jina halipendi.

Nilienda na shida ambayo sikudhani mtu wa Kamalondo angeielewa. Mimi ni mtoto wa Katuba, mtaa mwingine wa hapahapa Lubumbashi, lakini tangu 2016 naishi Marekani: kwanza Louisville, jimbo la Kentucky, na sasa Des Moines, jimbo la Iowa, ninakofanya kazi ya usiku kwenye ghala. Mwezi wa tano nilirudi nyumbani kwa matanga ya baba mkubwa, nikiwa nimeacha jambo halijaisha. Kule, ukihama jimbo, permi yako ya zamani, yaani leseni ya udereva, unaitoa na unapewa ya jimbo jipya. Kila jimbo na siku zake: California wanakupa siku 10, Kentucky 30, North Carolina 60, Texas 90. Kwa kawaida hawakurudishi barabarani kufanya mtihani. Unapima macho, unaonyesha karatasi za makazi, unapigwa picha, unalipa, basi. Mie nilifika hadi kwenye macho. Halafu karani akakodolea kompyuta yake muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaniambia permi yangu ya Kentucky imefungwa, na Iowa hawawezi kunipa yao mpaka Kentucky wanifungulie.

Nilitoka pale na hasira. Kentucky sikuwa na deni la mtu. Nilipata tiketi mbili za polisi katika miaka yote ya kule, moja ya mwendo kasi, moja ya taa nyekundu, na zote nililipa mwezi uleule. Risiti ninazo hadi leo, kwenye simu. Nikajiambia ni zile tiketi mbili zinanifuata, kwamba Marekani hawasamehi, hata ukilipa. Nikapanda ndege na mawazo hayo, nikalia matanga na mawazo hayo. Kaka yangu aliponipa ufunguo wa Noah yake niende kuchukua viti vya kukodi, nikakataa, nikasingizia kwamba usukani uko kulia na mie nimezoea kushoto. Nusu ya magari ya Lubumbashi yana usukani kulia, kaka aliniangalia tu.

Niseme pia kwamba Kamalondo haikuwa mahali pa kwanza. Katikati ya mji, kwenye ofisi ya vioo yenye kiyoyozi na kalenda nzuri, kijana mwenye tai aliniambia kwa dola 150 anaweza "kusafisha" rekodi yangu yote. Nilimuuliza atasafishaje. Akasema wako na mtu ndani. Ndani ya wapi, ndani ya Kentucky? Akatabasamu, akaandika kwenye karatasi "nettoyage, 150 USD", akanisogezea kama dawa ya daktari. Ile karatasi ninayo bado, naiweka pamoja na risiti zangu. Ofisi siitaji, lakini ukikutana na neno hilo mahali popote, shika njia.

Mama wa Kamalondo ni mtu wa miaka hamsini na kitu, miwani kwenye kamba, kitenge na sweta juu yake kwa sababu ya baridi ya mwezi wa sita. Aliishi Ohio miaka kumi na moja, akarudi kumwangalia mama yake mzazi. Hakuniuliza pesa, hakuniuliza hata jina. Aliniuliza swali ambalo karani wa Iowa hakuniuliza, na kijana wa tai hakuniuliza.

"Baba, tiketi ulipataka ngapi kule?"

"Mbili, mama. Na zote nililipa."

"Hizo ni za Kentucky. Ninauliza zote. Za majimbo mengine je?"

Nikafungua mdomo kusema hakuna, nikaufunga. Ilikuwako moja. Mwaka 2021, usiku, tunarudi Louisville kutoka harusi ya mtoto wa dada yangu Indianapolis, kwenye ile barabara kuu ya I-65. Mwisho wa mwendo ni maili 70 kwa saa, nami nilikuwa kwenye 84. Kwa hesabu yetu ni kilomita 135 mahali pa 113. Polisi alikuwa na adabu sana, akanitakia safari njema, akanipa karatasi. Niliitia kwenye droo ya gari. Mwaka uliofuata nikauza gari, na droo yake.

"Ulilipaka?"

Sikujibu.

"Njo ile," akasema. Akavuta kiti, akaniambia nikae.

Sasa sehemu hii nitaikawilia, kwa sababu ndiyo huduma yenyewe. Fotokopi wanatoa kila kona ya Lubumbashi. Huyu mama anauza maelezo, na maelezo yake niliyahakikisha baadaye mwenyewe, yako sawa.

Tiketi uliyolipa haikuzuii kubadilisha permi. Imeandikwa kama kosa lililokubaliwa, jimbo jipya linaweza kuliona, kampuni ya bima italiona na kukupandishia bei kwa miaka kadhaa, kwa kawaida mitatu hadi mitano. Lakini mlango haufungwi kwa ajili yake. Kinachofunga mlango ni tiketi ambayo hukuijibu. Ukiwa na permi ya Kentucky ukashikwa Indiana, polisi anakuachia uende zako bila kuweka dhamana, kwa sababu majimbo mengi yamefanya mkataba: sisi tutamwachia mgeni aende, ninyi mtahakikisha anajibu. Usipojibu, Indiana inaandikia Kentucky, na Kentucky, iliyokupa permi, inaifunga mpaka ulete ushahidi kwamba umemaliza. Barua ya onyo inatumwa kwenye anwani waliyonayo. Anwani waliyokuwa nayo ilikuwa ya fleti niliyoihama. Kwa hiyo pale Kentucky sikuwa na kosa hata moja, na permi yangu ilikuwa imefungwa kwa sababu ya jimbo jingine, na jimbo la tatu ndilo lililoniambia.

Kisha akanionyesha kitu kilichonikausha koo. Kama Kentucky walifunga mwaka 2022, maana yake nimeendesha gari miaka yote hiyo na permi isiyo hai. Kule hilo ni kosa la peke yake, zito kuliko mwendo kasi, na katika majimbo mengi unaweza kulala nalo ndani. Niliwahi kusimamishwa na polisi? Hapana. Niliwahi kugongana? Hapana. "Sema aksanti kwa Mungu, halafu usiguse usukani mpaka tumalize," akasema. Ufunguo wa Noah nilikuwa nimeukataa tayari, kwa sababu nyingine.

Nikamuuliza Iowa walijuaje. Nilidhani majimbo yote yanatumia kompyuta moja. Hapana. Kuna daftari la taifa, National Driver Register, linalotunzwa na idara ya serikali kuu ya usalama barabarani, NHTSA, na lilianzishwa na sheria ya mwaka 1960. Ajabu yake ni kwamba ndani hamna hadithi yako. Hamna mwendo wako, hamna tarehe ya harusi. Kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, na kidole kinachoonyesha jimbo: mwulizeni Kentucky. Mama alisema ni kama yule jirani wa mtaani anayejua nani hasalimiani na nani, lakini ukimuuliza walikosania nini, anakwambia nenda kawaulize wenyewe. Kabla ya kukupa permi, kila jimbo linauliza daftari hilo. Na wewe mwenyewe una haki ya kuuliza kama umo: unaandika barua, unaithibitisha kwa mtu mwenye mhuri wa kisheria, unatuma Washington, na jibu halilipiwi. Wateja wake wawili wamefanya hivyo, mmoja kabla hata ya kuhama.

Hapo mstarini kulikuwa na vijana, na mmoja akaingilia. Akasema binamu yake aliye Chicago amemwambia kuna majimbo hayamo kwenye mikataba, mtu anahamia huko na dhambi zake zinabaki nyuma. "Aende Wisconsin," akasema, kama vile ni kwenda Kasumbalesa mpakani. Mama hakumkemea. Akasema kweli, Wisconsin haimo kwenye mkataba wa kupashana habari za makosa, pamoja na Michigan, Georgia, Tennessee na Massachusetts. Na kwenye ule mkataba wa mgeni asiyejibu tiketi, Wisconsin haimo tena, na Michigan, na California, Oregon, Montana na Alaska. Kijana akaanza kucheka. "Lakini daftari la Washington," mama akaendelea, "majimbo yote makumi tano yanalisoma. Kentucky wakikufunga, Wisconsin wanaona umefungwa. Utakuwa umehamisha makochi bure."

Mimi nilicheka pia, maana wazo hilo nilikuwa nalo kichwani tangu Des Moines. Sikumwambia.

Kwa sisi watu wa hapa jambo hili linasumbua akili kwa sababu permi yetu ni ya nchi nzima. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa mikoa minne, na hakuna aliyeamka asubuhi akaambiwa permi ya Lubumbashi haitembei tena Kolwezi kwa kuwa Kolwezi sasa ni Lualaba. Fikiria ungelazimika kuirudisha Haut-Katanga, kupima macho Lualaba, na Lualaba wakuulize ile amande (faini) ya Likasi uliilipa ao hapana. Roulage, polisi wetu wa barabarani, wangetajirika. Ndivyo wanavyoishi kule, na wameshazoea.

Kuna pia suala la alama, ambalo kila mtu wa kwetu kule analiongea na wachache wanalielewa. Majimbo mengi yanahesabu makosa kwa alama. Kentucky, mtu mzima akifikisha 12 ndani ya miaka miwili, permi iko hatarini. Nilidhani ukihama unabeba alama zako mgongoni. Mama alisema alama ni hesabu ya ndani ya kila jimbo, kinachosafiri ni kosa lenyewe, na jimbo jipya linalipima kwa mizani yake ao halilipimi kabisa. New York, kwa mfano, haikuandikii alama kwa tiketi uliyoipata jimbo jingine, ila inahesabu za Ontario na Quebec, ambazo hata si Marekani. Texas walifuta mpango wao wa alama na malipo yake tangu tarehe 1 mwezi wa tisa 2019. Kwa hiyo mtu akikwambia "nina alama sita", muulize sita za wapi.

Mteja mwingine, baba mmoja mnene, alikuwa ameleta shida ya mdogo wake anayeendesha lori kubwa Texas. Hapo mama alibadilisha sauti. Alisema wa malori hawana msamaha kama sisi. Wana permi moja tu nchi nzima, rekodi moja inayowafuata kila jimbo, na korti haziruhusiwi kuficha kosa lao kwa kozi ya udereva kama zinavyoweza kumfanyia mtu wa gari ndogo. Kuzidisha mwendo kwa maili 15 au zaidi kunahesabika kosa zito, na mawili ya aina hiyo ndani ya miaka mitatu yanamweka nje ya lori siku 60. Tena wanatakiwa kumwambia bosi ndani ya siku 30 tangu kukutwa na hatia. Yule baba alikuwa anaandika yote nyuma ya bahasha. Alipomaliza akauliza, "Na kama hakumwambia bosi?" Mama akamjibu, "Baba, huyo mdogo wako anipigie mwenyewe."

Basi, kazi yangu. Mama aliandika majina matatu kwenye karatasi, moja chini ya jingine: Indiana, Kentucky, Iowa. Akasema hatutapanda ngazi kutoka juu. Watu wanahangaika miezi kwa kupigia simu jimbo jipya, na jimbo jipya haliwezi kitu. Unaanzia pale karatasi ilipoandikwa.

Korti za Indiana zina tovuti ya umma, unatafuta kesi kwa jina. Yangu ilijitokeza kwa dakika mbili. Kuona jina la baba yangu mzazi kwenye kioo kile, Kamalondo, na pembeni neno la Kiingereza la kesi isiyoisha, kuliniuma kuliko nilivyotegemea. Nililolihofia zaidi ni kukamatwa Chicago siku ya kurudi. Mama akasema tuulize wenye korti. Saa zetu na za kule zinatofautiana kwa sita wakati huu wa mwaka: wanapofungua saa mbili asubuhi, kwetu ni saa nane mchana. Tukasubiri. Alininunulia munkoyo, kile kinywaji chetu, kwa pesa yake, hilo nalihesabu kwenye nyota ninazompa.

Simu ilipopokelewa nikaomba mkalimani wa Kiswahili. Nilifikiri nimejirahisishia. Akaja bwana mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, Kiswahili cha pwani kimenyooka kama shati la Jumapili. Nikaanza kwa lugha yangu: roulage alinisimamisha, akanipa kontravansio, nikaitia mu tirwari ya motokari. Kimya. "Samahani ndugu yangu," akasema, "tirwari ni nini?" Nikasema ni pale mbele ya abiria. "Pale mbele ya abiria kuna nini?" Mama, nyuma yangu, na mstari mzima nyuma ya mama, wakapaaza sauti: "Droo!" Bwana yule akacheka mpaka karani wa Indiana akauliza kuna nini, na nina hakika hilo hakulitafsiri.

Karani alikuwa mpole. Hakuna hati ya kunikamata, akasema, kwa sababu kule kwao mwendo kasi ni kosa dogo lisilo la jinai. Mama alinigusa bega kunikumbusha kwamba hilo ni la Indiana, kwamba Texas, kwa mfano, kutotokea kortini kunaweza kuzaa hati ya kukamatwa, nisije nikawatangazia watu wote kanisani. Deni lilikuwa dola 160 na kidogo. Kabla sijaweka kadi, mama akanisimamisha tena. Kulipa ni kukiri, akasema. Baada ya kubonyeza, hii inakuwa hatia kwenye rekodi yako, Kentucky itapashwa, bima itaiona. Kuna kaunti za Indiana ambazo mwendesha mashtaka anakubali kukuwekea kesi pembeni ukilipa na kukaa bila kosa kwa muda, lakini hiyo wanaomba watu waliojibu mapema. Tukauliza. Muda wangu ulikuwa umepita. Nikabonyeza.

Kilichofuata kilikuwa kusubiri, sina mengi ya kusema. Korti ikatoa ushahidi wa kumaliza, mama akauskani, tukautuma Kentucky na ada ya kufunguliwa, dola 40. Siku ya nane aliniita kwa simu. "Baba, iko hai." Nilikuwa sokoni Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nachagua samaki, nikanunua wawili zaidi.

Iowa bado. Hilo hakuna wa Kamalondo anayeweza kulifanya, lazima niende na macho yangu mwenyewe, na mama aliniambia hivyo siku ya kwanza, kabla ya kuchukua hata franka. Nitaingia kule na barua ya Kentucky kwenye bahasha, maana amenionya kwamba kompyuta ya daftari la Washington inaweza kuchelewa kusafishika baada ya jimbo kufungua.

Bei: nililipa dola 35 kwa yote, siku mbili za kukaa naye, simu, kuskani, kuprinti. Hakuna bei iliyobandikwa ukutani, na hilo silipendi. Yule baba wa lori alilipa 20 kwa saa moja ya maswali na hakuelewa kwa nini. Fotokopi unaweza kulipa kwa franka, M-Pesa na Airtel Money anapokea. Dola zako ziwe safi. Noti yangu ya 20 ilikuwa na mpasuko wa ukucha, akaikataa kama benki, akanituma nikaibadilishe kwa wabadilisha pesa wa barabarani, ambao walinikata mbili.

Viti ni viwili, mteja wa tatu anakaa kwenye kreti la bia ya Simba. Umeme ulikatika mara mbili nikiwa pale, na gurupu yao (jenereta) imewekwa mlangoni kabisa, moshi unaingia ndani, simu husikii. Mara ya pili ilikuwa katikati ya karani kunitajia namba ya kesi. Ikabidi tupige upya, tusubiri upya, tupate mkalimani mwingine, wa kike safari hii, wa Nairobi nadhani, ambaye alijua droo lakini hakujua matanga.

Lakini kasoro inayonifanya nitoe nyota nne na nisitoe tano ni siri. Kioo cha kompyuta kinaangalia mstari. Siku ya kwanza niliambiwa nitaje namba yangu ya Social Security, ile ya siri ya kunitambulisha kule, kwa sauti, na kama ungekuwa pale na kalamu ungekuwa nayo leo. Nilikataa, mama akaona haya, akageuza kioo, akaniacha niandike mwenyewe, na namba ya kadi ya benki pia niliiandika mwenyewe. Halafu nikaona chini ya meza kartoni ya biskuti imejaa nakala za pasipoti na permi za watu. Nilimwomba yangu. Ilichukua dakika kumi kuipata, katikati nikaona sura za watu wawili ninaowafahamu. Niliichana mbele yake. Akasema ni kweli, atanunua kabati lenye kufuli. Niliporudi wiki iliyofuata kartoni ilikuwa bado chini ya meza, ila imefunikwa kitambaa.

Nenda hata hivyo, kama una tiketi yoyote ya kule unayoikumbuka nusu nusu. Beba namba ya permi, majina kama yalivyoandikwa kwenye permi (wengi wetu jina la baba limehamia mahali pa jina la kwanza, na kesi haionekani mpaka uyageuze), na orodha ya kila jimbo ulilowahi kupita na gari, hata kama ulipita tu kwenda harusini. Hufungua saa tatu asubuhi, lakini kwa simu za Amerika fika kuanzia saa nane mchana, hukaa mpaka saa nne usiku akiwa na mteja. Usiende siku Mazembe wanacheza nyumbani. Barabara hupiti, na karani wa korti akikutajia namba, utasikia goli tu.